TAHADHARI: Muuzaji wa viti vya kupanda ngazi anazunguka Mtwara na Lindi, msitume advansi

Wandugu wa Mtwara na Lindi, hasa nyie mliojenga ghorofa na ndani mna mzee ambaye ngazi zimeshamshinda, naomba msome hii kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna jamaa anatangaza mtandaoni viti vya umeme vya kupandia ngazi, vile vinavyotembea kwenye reli mzee akiwa amekaa, anasema yuko Dar na anafunga mikoa yote ya kusini. Sisi ametula milioni 6 na laki 5. Jina la ukurasa siliweki maana ameshalibadilisha mara mbili na malalamiko yetu yako polisi, ila mbinu zake ni zile zile na ndo nataka mzijue.

Mjomba wangu ndo aliyenilea, nyumba ya Shangani kaijenga kwa hela ya korosho msimu hadi msimu, chumba chake kiko juu na choo chake kiko juu. Mwaka jana akapata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, ikawa tunambeba vijana wawili kupanda na kushuka. Ni mtu mwenye heshima zake, ilimuuma sana, mwisho akawa anakataa hata kushuka kwenda swala ya Ijumaa. Kwa hiyo tulipoona lile tangazo familia nzima tukachangishana bila kufikiri mara mbili.

Yule jamaa aliniuliza swali moja tu, stepu ziko ngapi. Nikamwambia 14 na ngazi imenyooka haina kona. Akasema milioni 9 na nusu, tanguliza asilimia 60. Hapo ndo ningeshtuka, kwa sababu reli ya ngazi iliyonyooka inakatwa kwa urefu wa ngazi yako wewe, na stepu 14 za kwangu sio stepu 14 za jirani. Mtu wa kweli anakuja na tepu au anakuelekeza upime mwenyewe, kuanzia ukingo wa sakafu ya juu unaivuta tepu ikigusa pua za stepu (zile ncha zake za mbele) mpaka sakafu ya chini, alafu upana wa ngazi, alafu anauliza kama kuna mlango karibu na stepu ya kwanza maana reli inatokeza pale chini na inaweza kuziba njia. Na lazima aulize mgonjwa anatumia mkono upi! Kiti kina kitufe cha kuendeshea kwenye mkono wa kiti, mjomba mkono wake wa kushoto haukamati, yule jamaa hakuuliza na kitufe kikaja kushoto.

Hela nilituma kwenye namba ya mtu binafsi, jina lililotokea kabla sijaweka namba ya siri ni la mwanamke, akasema ni mhasibu wao. Nikaamini. Wiki mbili baadae anapiga simu anasema ukuta wetu wa tofali hautahimili reli, iongezwe laki 8 ya kuimarisha ukuta, nikatuma. Jamani huo ni uongo mtupu, reli ya kiti inasimama kwenye miguu yake na inafungwa kwa skrubu kwenye stepu zenyewe, ukuta hauhusiki. Baadae tena akataka milioni 1 na laki 2 ya inveta, eti umeme wa kusini ukikatika mzee atabaki katikati ya ngazi. Hapo binamu yangu ambaye ni fundi umeme akakataa, akanieleza kwamba viti hivi vinatembea kwa betri zake vyenyewe, kwa kawaida mbili za volti 12, umeme wa ukutani kazi yake ni kuzichaji tu kiti kikiwa kimepaki juu au chini. Umeme ukikatika kiti kinaendelea kupanda na kushuka mara kadhaa.

Mzigo ulikuja na basi baada ya miezi miwili. Kiti kimetumika, kitambaa kimekwaruzwa, chaja imeandikwa volti 120 ya Marekani wakati sisi huku ni 230, ilivyochomekwa tu ikatoa moshi. Betri moja mpya nyingine imevimba. Tepu yetu inasoma mita 4 na senti 60, reli ilikuja mita 3 na nusu na kipande kingine kimeungwa kwa bamba na bolti, meno ya reli, yale ambayo gia ya kiti inayashika ili ipande, pale kwenye kiungo hayakai mstari mmoja. Kwenye simu alituambia kinabeba kilo 200, kibandiko cha kiwandani kinasema paundi 300, yani kama kilo 136.

Namshukuru Mungu mkaza mjomba ndo aliyesema tusimkalishe mzee kwanza, tukaweka mfuko wa saruji wa kilo 50. Kiti kikapanda mpaka kwenye kile kiungo, kikagonga, kikarudi chini stepu mbili kwa kishindo na mfuko ukadondoka. Sensa ya sehemu ya kuwekea miguu, ambayo inatakiwa isimamishe kiti kikigusa kitu, waya wake ulikuwa umekatwa. Mkanda haukuwepo. Kijana aliyetumwa kufunga akasema anaenda kununua bolti, hajarudi mpaka leo, na bosi wake ameniblok.

Kama bado mnakitaka kiti, na kweli kinasaidia, msilipe hata mia kabla ngazi haijapimwa, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), jina la kampuni lihakikishe BRELA, wakala wa kusajili makampuni, na omba video ya chaja na kibandiko cha kiti chenyewe utakachopewa. Meseji za kitapeli ripoti kwa kuzituma namba 15040.

Sa hivi mjomba tumemhamishia chumba cha chini, sebule tumeikata kwa pazia. Kama kuna mtu Lindi mjini, Masasi au Nachingwea ameshampa hela huyu jamaa aje inboksi na skrinishoti za miamala, sisi jalada limeshafunguliwa na mpelelezi ametuambia tukiwa wengi tulete ushahidi wote pamoja.