Ofisi ya mjini au meza ya mahamri?

Kwa mama wa Likoni, Mombasa nchini Kenya, mwenye mtoto mchanga, kazi ya ofisini ng'ambo ya feri ina kitu ambacho meza ya mahamri haina: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Mimi lakini nilikamulia maziwa chooni, mlango nimeuzuia kwa mgongo, na iliniuma sana.

Mahamri na mbaazi hukuamsha saa tisa usiku, na ukiugua huuzi. Ila mwanao analala mkekani, unamwona.

Bado ningechagua ofisi, na chumba hicho ningekidai kwa maandishi.