Alexa Fluor 647 kwenye dSTORM: iachie protini

Katika rangi za nyekundu ya mbali za dSTORM, mbinu ya hadubini inayopata mahali pa molekuli moja moja, Alexa Fluor 647 bado ndiyo tungeinunua kwanza. Molekuli zake huwaka kwa nguvu, huzima kwa muda mrefu, kisha huwaka tena kila moja kwa zamu yake, hivyo mahali pa kila moja hujulikana kwa usahihi wa nanomita 20 hivi. Hadubini ya kawaida hukwama kwenye 200 na ushei.

Ila inadai bafa yake (kimiminiko cha kuikalisha sampuli): Tris ya pH 8, glukosi asilimia 10, glukosi oksidesi miligramu 0.5 na katalesi mikrogramu 40 kwa mililita, na sisteamini, kemikali inayozizima molekuli, kati ya milimola 10 na 100. Enzaimu za bafa hiyo zikila oksijeni huacha asidi ya glukoni. pH ikishuka, sisteamini hulegea na molekuli nyingi huwaka kwa pamoja, picha ikawa ukungu. Watu huilaumu rangi, kumbe bafa imechoka. Imwage baada ya saa moja au mbili, weka mpya. Gundi inayoganda ya kufungia slaidi haifai hapa hata kidogo.

Wengi huipa RNA. Sisi tungewanyima. Kwenye smFISH, mbinu ya kuonyesha RNA moja moja kwa probi (vipande vifupi vya DNA vyenye rangi), mRNA moja hubeba hadi probi 48 za herufi 20 kila moja. Rangi nyingine, Cy3, inatosha kabisa kuonyesha nukta hiyo kwa picha ya kawaida, na kitovu chake hupatikana kwa hesabu. Protini zilizosongamana ndizo zisizotenganishwa bila dSTORM. Piga picha ya RNA kwanza kwa mwanga hafifu, ndipo ufungulie leza nyekundu. Tumia shanga za TetraSpeck za nanomita 100, zinazong'aa kwa rangi kadhaa, kulinganisha rangi mbili, maana lenzi huzisogeza kidogo.

Nukta za RNA zikipungua, shuku BSA (protini ya damu ya ng'ombe) ya kuzibia kabla ya probi: ya kawaida mara nyingi ina RNase, enzaimu inayokata RNA, agiza isiyo nayo. Baada ya kuweka kingamwili zinazobeba rangi hadi kwenye protini, gandisha tena kwa formaldehaidi asilimia 4 kwa dakika 10, la sivyo fomamaidi ya kushikisha probi usiku kucha kwenye nyuzi 37 itazing'oa.

Kingamwili mbili zikipandana, rangi hukaa nanomita 10 hadi 20 mbali na protini yenyewe. Hilo bafa haliliponyi, tafuta nanobodi, kingamwili ndogo sana.