Peugeot 3008 Hybrid4: Dizeli Mbele, Umeme Nyuma

Gari hili la Kifaransa, lililoingia katika soko la Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2010, lilikuwa la kwanza kuuzwa kwa umma likiwa na mseto wa dizeli na umeme. Injini ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 163 huendesha magurudumu ya mbele, na mota ya umeme ya farasi 37 huendesha ya nyuma, bila propela yoyote, yaani mhimili mrefu wa chini ya gari, kuunganisha pande hizo mbili. Ubunifu huo ndio ninaousifu zaidi, kwa sababu dereva anapata gari la kuvuta magurudumu yote manne bila uzito wa propela, na anapokanyaga breki mota hugeuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri.

Katika majaribio rasmi lilipimwa likitumia lita 3.8 tu kwa kilomita 100, japo barabarani vipimo vya namna hiyo havifikiwi kwa urahisi. Kwenye foleni umeme husaidia kweli. Katika safari ndefu, ambako dizeli tayari hubana mafuta, msaada huo hupungua sana.

Kasoro kubwa ni giaboksi, ambayo ni ya kawaida yenye klachi moja inayoendeshwa na kompyuta, hivyo kila gia inapobadilika mvuto hukatika kidogo. Betri nayo imekula nafasi chini ya sakafu ya buti. Bei je? Injini ya dizeli peke yake ni ghali kutengeneza. Ukiongeza betri na mota, mnunuzi analipia teknolojia mbili, na kwa mwenye safari fupi, asiyechoma mafuta mengi, sioni fedha hiyo ikirudi.