Kijitabu cha ratiba cha shilingi 3,000: sura tatu kwa siku na mstari mmoja mtupu

Kinauzwa mezani nje ya kanisa baada ya ibada, kimelazwa kati ya kalenda, kanga za akina mama na zile Biblia za zipu. Jalada la manjano, ukubwa wa daftari la skuli lililokatwa katikati, pini mbili, bila jina la mtunzi wala la mchapaji. Ndani mna ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka 2025, kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, bila kuruka kitabu. Nimekisoma mpaka mwisho, kimechakaa, na kwa kuwa watu wa jumuiya yetu wananiuliza kama wanunue cha 2026, naandika hapa mara moja nisiwe nalirudia kwenye daladala.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo Mwanakwerekwe, hapa Unguja, kwetu ni Mbweni. Mteja mgeni akiona msalaba shingoni huniuliza, "Wewe fundi, wa bara wapi?" Namwambia Mbweni, bibi yangu kazaliwa hapo hapo, na mamaake pia. Basi hapo tunaendelea kupima mabega. Nalisema hili ili mjue nakipima kijitabu hiki nikiwa kazini. Sikukisoma kwenye semina.

Hesabu yake ni ile ya zamani ambayo wengi tuliisikia tangu utotoni: sura tatu kila siku, Jumapili tano. Biblia yetu ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma tatu tatu mwaka mzima unafika 1,095, unabaki na deni la 94, ndiyo maana Jumapili wakaongeza mbili. Mwaka 2025 ulikuwa na Jumapili 52, kwa hiyo deni linalipika na chenji inabaki: Ufunuo 22 imeangukia Jumapili ya tarehe 28 Disemba na siku tatu za mwisho wa mwaka zimeachwa wazi. Nimeikagua hesabu yote, haina kosa.

Tatizo ni kwamba aliyeipanga amehesabu sura akasahau kwamba sura hazilingani. Tarehe 30 Juni umepewa Zaburi 115, 116 na 117. Hizo ni aya 39 tu, maana 117 ina aya mbili, chai haijapoa umeshamaliza. Kesho yake, Jumanne ya tarehe 1 Julai, umepewa 118, 119 na 120. Aya 212! Zaburi ya 119 peke yake ina aya 176. Mtu aliye na duka la kufungua saa mbili asubuhi ataisomaje hiyo na ikamwingia? Na wala haikuhitaji akili nyingi, zaburi yenyewe imeshakatwa mafungu 22 ya aya nane nane, ingegawanywa hata wiki nzima na isingeharibika.

Lililonikera zaidi ni Agano Jipya. Ukifuata ratiba hii kama ilivyo, Malaki unaimaliza Ijumaa ya tarehe 10 Oktoba, na Mathayo 1 unaikuta kesho yake. Yaani Mkristo anakaa miezi tisa na zaidi hajaisoma Injili hata ukurasa. Siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, watu wametoka kanisani wamevaa vizuri, wali unapikwa, wewe kijitabu kinakupa 1 Mambo ya Nyakati 20 hadi 24: vita na Wafilisti, sensa ya Daudi, na zamu za Walawi na makuhani. Mimi sina ugomvi na makuhani, lakini siku ile jamani! Krismasi nayo imebahatika tu. Inakupa Ufunuo 10 hadi 12, na kwenye 12 yumo mwanamke anayejifungua mtoto wa kiume na joka likimngojea, kwa hiyo angalau mtoto kazaliwa.

Dawa niliyoitumia ni rahisi. Kwaresima ilipoingia nikaongeza sura moja ya Marko kila usiku. Marko ina sura 16 tu, haichoshi, na ukiimaliza unashika Luka. Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikwenda pamoja, Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi na majirani walishaanza kufunga, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa kwenye saumu na usiku watu wako macho. Jirani yangu anasoma juzuu yake ya Kurani upande ule wa ukuta, mimi Marko yangu upande huu. Yeye anajua kabisa kila siku ni juzuu moja na mwezi ukiisha anahitimisha, na huniuliza, "Na wewe umefika wapi?" Hakuna mwanajumuiya aliyewahi kunibana vile.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikimalize na nisikitupe mwezi wa Februari kama nilivyoona wengine wakifanya. Walawi inaanza tarehe 28 Januari, na hapo ndipo kijitabu kinapoachwa juu ya friji. Chini ya kila siku kuna kijisanduku cha kutia alama, halafu kuna mstari mmoja mtupu umeandikwa: *Leo nitafanya:* Basi. Hakuna maelezo, hakuna tafakari ya kasisi, hakuna hadithi ya mtu aliyepona. Kwenye ukurasa wa kwanza wameweka Yakobo 1:22, "Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu," na mstari ule ndio unaoifanyia kazi aya hiyo.

Kwa shilingi 3,000, ningeulipia mstari ule peke yake.

Ila mtungaji mwenyewe hakuuamini. Katikati ameweka ukurasa wa mifano, na mifano yake ni mibovu: "Leo nitasali zaidi." "Leo nitakuwa mvumilivu." "Leo nitampenda jirani." Zaidi kuliko nini? Jirani yupi? Jioni ukiulizwa kama umefanya, utajibu ndiyo na hakuna wa kukupinga, hata wewe mwenyewe huwezi kujipinga. Ukinunua, ukurasa ule uruke. Mimi kanuni yangu ni kwamba mstari lazima uwe na mtu, kitu na saa. Ukikosa kimoja, unafuta unaandika tena. Ndiyo maana nasema tumieni penseli.

Chukua Jumapili ya tarehe 2 Februari. Sura tano, Walawi 15 mpaka 19. Ya 15 inahusu najisi za mwili, ukiisoma kwa sauti mbele ya watoto utajuta. Lakini ukivumilia unafika 19, na 19 ni sura ya sokoni. Aya ya 13 inakataza ujira wa mtu uliyemwajiri kulala kwako mpaka asubuhi. Aya ya 35 inakataza udanganyifu katika kupima, na kupima urefu kumetajwa humo humo. Fundi akisoma hapo hana pa kujificha. Kwenye kazi yetu ni desturi msichana wa kazi alipwe mteja akishalipa, na mteja anaweza kulipa wiki mbili baadaye. Ni desturi pia kumwambia mtu alete yadi nne kwa nguo ya yadi tatu, na kile kinachobaki ndicho kinachoshona mito na vikoba vya fundi. Mstari wangu wa siku ile: "Kesho saa kumi na moja jioni nimlipe msichana kanzu alizopiga pindo, mteja aje asije. Mabaki yarudi ndani ya mfuko wa mwenyewe." Msichana ni Muislamu, hakujua nimesoma nini; kulipwa mapema vile alidhani namfukuza kazi. Ilibidi nimfafanulie kwamba nimemlipa tu, kazi ipo.

Ruthu ilikuja katikati ya Ramadhani, tarehe 12 na 13 Machi. Hapo niliandika kitu kidogo sana, kwa sababu ya Boazi anayefika shambani akaanza kwa kuwaambia wavunaji "BWANA akae nanyi," nao wakamwitikia, kabla hajauliza habari za kazi. Niliandika: nikifika kibandani, salamu kwanza, cherehani baadaye. Kwa Mzanzibari hilo halihitaji kufundishwa, lakini njoo uwaone mafundi saa mbili asubuhi wakati kuna sare za skuli.

Siku iliyonigharimu ni Jumamosi ya tarehe 31 Mei. Zaburi 15, 16 na 17, wiki moja kabla ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, yaani Idi ya kuchinja. Zaburi 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya BWANA, halafu inajibu kwa sifa za mtu, na mojawapo ni hii: "Ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Kuisoma hiyo wiki moja kabla ya sikukuu, ukiwa fundi, na meza imejaa magora ya watu! Kila mtu Unguja anajua ahadi ya fundi ni nini. Niliandika: "Leo kila mteja apewe tarehe ninayoiweza, niiandike kwenye karatasi yake na kwenye daftari langu. Zikijaa, nakataa."

Saa nne akaingia mama mmoja wa Magogoni na kitambaa cha nguo za watoto wanne.

"Fundi wangu, niambie tu Alkhamisi."

"Alkhamisi haipatikani bibie, daftari limejaa. Nikikwambia Alkhamisi ntakuwa nakudanganya."

"Mbona mafundi wote wanasema Alkhamisi!"

"Na wote unagombana nao mkesha wa sikukuu."

Hakucheka. Alikunja kitambaa chake akaenda banda la tatu, na huko akaambiwa Alkhamisi. Hajarudi mpaka leo, namwona tu akipita na mfuko. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza. Ya pili ilikuja katikati ya wiki, mashine yangu ya overloki ilipovunja sindano na mkono wake ukapinda, na mimi nina makanzu ya wenyewe yenye tarehe iliyoandikwa kwa mkono wangu. Nikayapeleka kwa fundi mwenzangu wa jirani, nikamlipa bei ya sikukuu, ambayo ni karibu faida yote. Pindo tukapiga kwa mkono, mimi na msichana, mpaka usiku. Yalitoka siku niliyosema. Wenyewe waliyachukua, wakalipa, wakaondoka, wala hakuna aliyeona ajabu. Mteja hajui kwamba kuna zaburi ndani ya kanzu yake.

Upande wa bidhaa yenyewe sina mengi. Karatasi ni nyepesi, ukiandika kwa kalamu ya wino inatokea upande wa pili. Pini zimeshika kutu kabla ya masika kwisha, na kwa unyevu wa hapa lilikuwa jambo la kutegemewa. Mimi nilizing'oa nikashona mgongo kwa uzi wa jinzi, tangu hapo hakijafunguka. Mstari ni mfupi. Mwanzoni niliona ni ubahili, sasa naona ni vizuri, maana ahadi ndefu mara nyingi haina saa.

Wanaouliza wasome kwa Biblia gani: kijitabu kinatumia majina ya vitabu kama yalivyo kwenye Union Version ya 1952, na ndiyo niliyoitumia. Wengine wanasema Kiswahili chake kizito. Kwa mtu wa Unguja si kizito, kinafanana na kinavyosema wazee wetu, na si ajabu, kwani tafsiri ya Kiunguja iliyoitangulia ilifanyika hapa hapa. Askofu Steere aliyeshughulika na hiyo ya kale amezikwa nyuma ya altare ya kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini. Vijana wanaweza kusoma Habari Njema na ratiba ikaenda vile vile. Simu pia inafaa, tena ina sauti, lakini kwenye simu mstari mtupu hauupati, na ujumbe wa wateja unaingia katikati ya Isaya.

Kwa hiyo cha 2026 nimenunua. Wamebadilisha jalada kuwa la kijani, bei ni ile ile, ratiba ni ile ile, Agano Jipya bado lipo Oktoba, na ile mifano ya katikati bado ipo. Nakishauri kwa mtu mwenye kazi ya mikono na wateja, au mwenye watu chini yake. Mtu anayetafuta kufarijiwa asubuhi hakitamfaa, atafute kile chenye tafakari. Na kama mtungaji anasoma hapa, namwomba mawili tu: Zaburi 119 aigawe, na ukurasa wa mifano aung'oe atuwekee karatasi tupu. Pini nitashona mwenyewe.