Nyota nne kwa kliniki iliyoutambua wasiwasi wangu

Nilipompigia mke wangu simu kutoka Dar nikamwambia daktari kasema nina OCD, alinyamaza, kisha akauliza, "Umefanya nini tena, baba Rukia?" Kwetu OCD ni mkuu wa polisi wa wilaya, na mtu hapelekwi kwake kwa heri. OCD ya daktari ni ugonjwa wa mawazo yanayojirudia bila kuyataka na vitendo unavyojikuta unavirudia.

Nina miaka 41, nina duka la vifaa vya ujenzi Tanga. Kwa miaka tisa hivi nikifunga duka navuta kufuli, nahesabu mpaka saba, naondoka, narudi. Siku ikiwa mbaya, bodaboda anageuza mara nne. Vijana wa kijiweni wamenizoea, wakiniona tu wanapaza sauti, "Limefungwa, mzee!" Naona limefungwa, na bado nalivuta. Msikitini ndiyo balaa zaidi: naanza kutawadha adhana ikiadhiniwa, namaliza watu wanatoa salamu. Kila nikifika kwenye kiwiko cha kulia nahisi maji hayakupita.

Kabla ya hapa nilikwenda kituo kimoja cha afya, nikasema nina wasiwasi. Sikukaa hata dakika kumi. Kwenye fomu wakaandika F41.1, namba ya ugonjwa wa hofu za jumla, nikapewa diazepamu, dawa ya kutuliza. Nililala usingizi mzuri, nikaamka, nikarudi kwenye kufuli. Simlaumu sana yule tabibu, maana neno lenyewe linapoteza. Kwetu wasiwasi wa ada ya shule ni wasiwasi, na wasiwasi wa udhu ni huohuo wasiwasi. Shehe ukimweleza anajua unazungumzia upi, anakwambia usiufuate. Dirishani hospitali nani ana nafasi ya kuuliza upi?

Sasa kliniki yenyewe. Ni ya afya ya akili, ndani ya hospitali binafsi Dar, sitaitaja. Mapokezi yao ni aibu. Miadi yangu ilikuwa saa tatu asubuhi, nimeingia saa sita kasoro. Katikati alitoka nesi akaita, "Wagonjwa wa akili wapite huku!" Kina mama waliokuja na watoto kwenye chanjo wakageuka wote. Tulisimama watu wanne, kila mmoja akijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Daktari ndiye aliyenirudisha. Ni dada mdogo kuliko mimi, bingwa wa magonjwa ya akili, ananiita kaka. Alikaa nami dakika 55, na dawa hakuigusa mpaka mwisho. Aliuliza linaloanza ni lipi, wazo au kitendo. Wazo likija, nalitaka au nalikataa? Nikishavuta kufuli napata nafuu ya muda gani? Nikamwambia labda mpaka kwenye kona. Kwa siku yote hayo yananila muda gani? Nilidhani nusu saa. Tukahesabu pamoja, duka, udhu, jiko la gesi, tukafika saa mbili na nusu. Akasema ikizidi saa moja kwa siku, au ikikuvurugia kazi na nyumba, hapo si tabia tena.

Akauliza kama naamini kweli kufuli liko wazi. Nikasema hapana, najua limefungwa. Akaandika. Kumbe nalo lina nafasi yake kwenye kuainisha, mgonjwa anauona ukweli kiasi gani. Akauliza kama mawazo ni yangu mwenyewe au kuna mtu ananitia kichwani, kama utotoni nilikuwa napepesa macho au kutikisa shingo bila kupenda. Halafu akauliza, taratibu kabisa, kama huwa napata mawazo ya kuogofya ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nikamweleza la kisu na mwanangu. Miaka minne nilikuwa sikati nyama mtoto akiwa jikoni. Hakushtuka. Alisema ni sura inayojulikana ya ugonjwa huuhuu, na wazo linanitesa kwa sababu silitaki. Kwa hilo peke yake ningelipa mara mbili.

Kisha kipimo cha Yale-Brown, cha kujua OCD ni kali kiasi gani: maswali kumi, kila moja kuanzia 0 hadi 4, jumla 40. Nilipata 26, na kuanzia 24 hadi 31 ni kali. Karatasi ni ya Kiingereza tupu, daktari akawa anatafsiri kwa mdomo. Kwa kliniki ya bei ile, hawajaweza kuandaa ya Kiswahili?

Kwenye kadi yangu sasa pana F42, namba ya OCD. Akanieleza kuwa katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, namba ni 6B20, na kwamba Wamarekani waliutoa ugonjwa huu kwenye kundi la hofu mwaka 2013 wakaupa sura yake kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili, pamoja na kujinyofoa nywele na kulimbikiza vitu. (Nikamkumbuka shangazi na makopo yake ya Blue Band. Daktari akacheka, akasema hampimi mtu kwa hadithi za mpwa wake.) Niliuliza namba ina faida gani kwangu. Akasema kila kundi lina tiba yake. Diazepamu ilikuwa inanilaza tu. Yangu ni dawa ya fluoksetini, ambayo nafuu yake inangojewa wiki nane hadi kumi na mbili, pamoja na mazoezi: funga mara moja, geuka, uvumilie moyo unavyokwenda mbio. Na udhu? Hakuudharau. Aliuliza shehe anasemaje, nikasema mara tatu kila kiungo. "Basi ya tatu, funga bomba."

Ada ni shilingi 40,000 mara ya kwanza, 25,000 ukirudi. Dawa nilinunua nje, duka lao lilikuwa limeishiwa. Nendeni na karatasi zenu za zamani, anazisoma kweli. Baada ya wiki kumi na mbili nimepimwa tena kwa maswali yaleyale, nimepata 17.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya mapokezi, na ya mlango. Chumba cha daktari hakina kitasa, mlango unajiachia wenyewe. Mtu wa kufuli unamkalisha humo saa nzima! Siku ya kwanza niliamka kuurudisha mara sita, naye akawa anaandika. Safari hii niliurudisha mara moja, ukaachia, nikauacha. Lakini jamani, fundi wa kitasa ni elfu kumi tu.