TinEye kwa sisi wa simulata ya ndege: nimeitumia kutafuta picha zangu zilizochukuliwa bila jina

Jamani naomba niwaambie kuhusu TinEye, ile tovuti unaipa picha yenyewe inakutafutia imewekwa wapi na wapi, maana naona wenzangu wengi wanaopiga picha kwenye simulata, yaani gemu la kurusha ndege kwenye kompyuta, hawaijui na kazi zetu zinazagaa kila kona bila jina.

Ilianza hivi. Nilikuwa na skrinshoti ya A320, ile ndege ya abiria ya Airbus, inashuka Innsbruck kule Austria alfajiri, milima yote theluji, jua ndo linachomoza. Watu wanadhani unabonyeza kitufe tu basi, ile picha nilikesha nayo, kupanga mawingu, kurudisha saa nyuma, kuigandisha ndege hewani halafu kuzungusha kamera ya droni ya humo kwenye gemu polepole mpaka mwanga ukae ubavuni ninavyotaka. Na rangi za ndege nilichora mwenyewe, hadi namba ya usajili kule nyuma nimeibuni mimi. Sasa nakuja kuikuta kwenye tovuti moja ya wolpepa, zile picha za kuweka kwenye skrini ya simu au kompyuta, kona yenye jina langu imekatwa, chini wameandika eti ni picha halisi. Iliniuma sana aisee.

Nikaipeleka TinEye. Ni bure, kujisajili hakuna, unapandisha picha au unabandika linki. Ikaleta sehemu 9 na mimi nilikuwa naijua hiyo moja tu! Kizuri chake inatafuta picha ileile, hata ikikatwa pembeni, ikipunguzwa saizi au ikichezewa rangi bado inaikamata, na kuna sehemu ya kulinganisha unaona yako na yao kwa zamu hapohapo, kipande walichokata kinaonekana waziwazi. Google Lens nayo ninayo ila ile ni ya kukuletea vinavyofanana pia, nzuri ukitaka kujua hii ndege aina gani, kwa kumsaka aliyebeba picha yako naanza na TinEye.

Katika zile 9, moja ilikuwa imewekwa kwenye habari ya ajali ya ndege. Hapo nilishindwa hata kula. Kuna ndugu wa marehemu wanasoma pale na wanaangalia ndege ambayo haijawahi kuwepo, kumbe mtu angeacha jina langu na kuandika tu hii ni simulata hayo yote yasingetokea. Ndo maana hata mimi kila nikiposti nataja aliyetengeneza ndege na aliyetengeneza uwanja wa ndege wa kwenye simulata, wengi wao wanatoa kazi zao bure, malipo yao ni hilo jina tu.

Angalizo kwenye tarehe. Ukipanga matokeo kuanzia ya zamani, ile tarehe ni siku TinEye yenyewe ilipoikuta picha, sio siku ilipowekwa, kwa hiyo aliyeiba anaweza kutokea wa kwanza na wewe mwenyewe ukaonekana ndo umeiga. Ushahidi wako ni faili la asili, langu ni pikseli 3840 kwa 2160 na kona zote nne zipo, yeye hilo hana, kwa hiyo msifute mafaili jamani. Pia haiwezi kuona picha zilizo ndani ya magrupu yaliyofungwa, huko mpaka mtu akushtue.

Na wale wanaosema picha ya gemu haina mwenyewe, kanuni za Microsoft kwa gemu zao, simulata yao ya ndege ikiwemo, zinatupa ruhusa ya kupiga na kusambaza picha kwa masharti, sharti kubwa usifanye biashara. Sasa anayeuza wolpepa ruhusa hiyo kaitoa wapi?

Niliwaandikia wote 9, kwa upole, nikaweka picha mbili pamoja. Wanne wameongeza jina, wawili wamefuta, mmojawapo ni yule wa habari ya ajali na aliomba radhi vizuri tu. Wa wolpepa kimya. Mimi TinEye naipa nyota 4 kati ya 5, na kila mwisho wa mwezi napitisha picha zangu zote humo.