Vidonge vya mafuta ya samaki, soko la Darajani, Unguja: soma nyuma ya chupa

Mbele wameandika miligramu 1000, lakini hayo ni mafuta yote. Nyuma utakuta EPA 180 na DHA 120 tu, yaani asidi mbili za mafuta za omega-3. Hizo mbili ndizo zinazoingia kwenye utando wa chembe nyeupe za damu na kuchukua sehemu ya nafasi ya asidi ya arakidoniki, asidi nyingine ya mafuta iliyo malighafi ya prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea uvimbe na maumivu. Mabadiliko hayo huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo kumeza siku ya maumivu pekee ni kupoteza pesa.

Kinachosikitisha ni chupa kuwekwa dirishani, juani. Joto huyaharibu mafuta haya upesi. Pasua kidonge kimoja unuse: kikinuka kama rangi ya ukutani, rudisha. Kwa bei ile, bora vibua wa soko la samaki la Malindi, hapo hapo mjini, wa kuchemsha.